Sabufa ya Majura

Mume wangu alikuwa anatambaa. Mwanamume wa miaka sitini na tatu, kifua wazi, suruali imekunjwa hadi magotini, anazunguka chumba akifuata ukuta huku viganja amevilaza kwenye saruji. Kwenye kiti chake, pale anapokaa siku zote, nilikuwa nimelipandisha lile sanduku jeusi la sabufa, nalo lilikuwa likinguruma noti moja tu, nzito, bila kupumzika. Mgeni angefungua mlango wakati ule angeanza kutuombea.

Ndivyo nafasi ya sabufa inavyotafutwa. Sabufa inakaa kwenye kiti cha msikilizaji, halafu msikilizaji anatambaa kutafuta mahali ambapo besi inamfikia sawasawa. Akipapata, sabufa inahamia pale, naye anarudi kwenye kiti chake. Asubuhi nilikuwa nimetambaa mimi. Nilisikiliza kwa masikio yangu mazima, nikachagua kona ya kabati la vyombo kwa sababu besi ilijaa vizuri, nikamkalisha Majura, nikasema naye. Akatikisa kichwa.

"Unaongea kama mtu aliye ndani ya pipa," alisema.

Hilo ndilo kosa letu sisi tunaosikia. Tunawapangia chumba kwa masikio, na wenyewe hawasikii kwa masikio.

Homa ya masikio ilipopita Musoma ilimwachia Majura sauti nzito peke yake, zile za chini kabisa. Ndege, filimbi, mtoto, mke, vyote vilikwenda. Watu wengi wa namna yake sasa wana mteremsho nyumbani. Ni mtambo unaokamata maneno yako kwenye kipaza sauti cha ukutani, ukayateremsha hadi chini ya mawimbi mia moja kwa sekunde, ukayatoa kwenye sabufa. Mimi nikiusikia ni ngurumo tu, wala siambulii kitu. Yeye anayapokea maneno kwa nyayo, kwa mbavu na kwa mfupa wa kifua. Kwenye darasa la kujifunzia kusikia hivyo aliwaacha wenzake mbali, maana alipiga gitaa la besi maisha yake yote na mwili wake ulishazoea kazi hiyo.

Majura alifika mlangoni, chini ya misumari ya kutundikia makoti, akasimama kama alivyo, kwa magoti na viganja. Akarudi nyuma kidogo. Akasogea tena mbele, akalaza shavu sakafuni.

"Hapa," alisema, kwa ile sauti yao kubwa ya watu wasiojisikia wakisema. "Hapa noti imenyooka, Mama Bwire. Kule konani ilikuwa imevimba. Pale dirishani ndiyo haipo kabisa, imekufa."

Nyumba yetu imeegemea mwamba, na ukuta mmoja wa chumba hiki ni jiwe lenyewe. Jiwe hilo linairudisha besi kwa nguvu ileile iliyokwenda nayo. Sehemu moja mawimbi yanajazana, sehemu nyingine yanauana. Nilitakiwa kulijua hilo tangu siku ya kwanza, lakini mafundi waliotufungia waliiweka sabufa pale palipokuwa na soketi, wakanywa chai, wakaenda zao.

Niliibeba sabufa hadi mlangoni mwenyewe. Majura alitaka kunisaidia nikamsukuma na kiwiko. Jioni, saa kumi na moja, kaka yangu Mafuru angepiga simu kutoka Majita. Jumamosi ukoo wote ulikuwa unakutana kujengea kaburi la mama yetu. Mafuru na Majura hawakuwa wamezungumza kwa mdomo tangu wakati wa msiba wake, na Majura alisema safari hii hataki maandishi kwenye kioo cha simu, anataka kumsikia shemeji yake neno kwa neno. Nami niliapa kwamba kabla ya saa kumi na moja besi ya chumba hiki itakaa sawa hata ikibidi niubomoe ukuta.

*

Nilianza na kitufe cha mpaka. Hicho ndicho kinachoamua sauti zipi ziende kwenye sabufa na zipi ziende kwenye spika ndogo zilizo mgongoni mwa kiti. Mafundi walikuwa wamekipandisha mno, kwa hiyo sabufa na kiti vyote viwili vilikuwa vinasema neno lilelile kwa wakati mmoja. Nikakishusha taratibu mpaka Majura akainua kidole.

Kisha swichi ya mwelekeo. Koni ya sabufa inaweza kuanza kwa kusukuma au kwa kuvuta. Ikivuta wakati spika za kiti zinasukuma, vinauana, na mtu anabaki na nusu ya neno. Niliigeuza, Majura akakunja uso. Niliirudisha, akatabasamu. Nilitandika zulia la pili mbele ya ule ukuta wa jiwe na kuvitenganisha vikombe vyote kabatini kwa vitambaa, maana vilikuwa vinagongana kila ninapotaja herufi ya b.

Kila jirani anayepita kutushauri husema tuongeze sauti. Nilipunguza. Besi ikizidi inajaza kifua na haisemi kitu.

"Sasa?" nilisema kwenye kipaza sauti.

"Sasa nakupata. Ila maneno yana mkia. Unamaliza kusema, na mimi bado naletewa kitu."

Nikafungua kioo cha mipangilio ukutani. Nilikuwa sijawahi kufika kurasa za ndani. Chini kabisa, baada ya lugha na saa, palikuwa na kitu kinaitwa Utulivu. Kilikuwa kwenye tisa, na mwisho wake ni kumi. Pembeni, kwa maandishi madogo, paliandikwa kwamba huchelewesha sauti kidogo.

Nikasema kumbe mkia wenyewe huu hapa. Nikaushusha hadi sifuri.

"Baba Bwire," nilisema, "hebu toa hilo guu lako lenye vumbi kwenye zulia nililofua jana, mzee usiye na haya wewe."

Majura alishtuka akashika mikono ya kiti.

"Umesemaje?"

"Umesikia vizuri sana. Toa guu."

"Mbona unanitukana, mke wangu? Nimekukosea nini leo?"

"Tusi liko wapi hapo? Ndivyo ninavyoongea siku zote."

"Hapana," alisema, na hakuwa anatania. "Wewe huongei hivyo. Wewe ungesema, Baba Bwire, tafadhali shusha mguu, zulia ni safi."

Tafadhali! Neno hilo nilimwambia mara ya mwisho siku ya harusi, nikimwomba anipishe nipande gari. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akaanza kucheka, akapiga paja.

"Huyu ndiye Nyangeta wa zamani! Kumbe bado upo? Mimi nilijua siku ile uliponisamehe uliuweka na ulimi chini."

Kicheko kikanikauka.

"Siku ipi hiyo?"

"Si siku ile nilipokuomba msamaha wa mazishi ya mama? Hapa hapa, mteremsho ukiwa mpya. Ukaniambia yamepita, tuendelee na maisha yetu. Nikalia mbele yako kama mtoto. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Nilimwambia nakwenda kuangalia maji jikoni, nikatoka nje.

*

Mama yangu alipofariki, Majura alikuwa Bujumbura na bendi. Ujumbe ulimfika. Basi lilikuwepo. Lakini walikuwa wamebakiza maonyesho mawili ya hoteli, na yeye ndiye besi, akaona bendi haiwezi kupiga bila besi. Pale kaburini msema chochote aliyeongoza ratiba akawaita wakwe waje waweke shada la maua. Akaliita jina la Majura. Akaliita tena, kwa sababu alidhani yuko nyuma. Nilisimama pale mbele ya ukoo wangu wote nikiangalia udongo.

Kwa miaka kadhaa hakuniambia neno kuhusu hilo. Kisha ikaja homa, ukaja mteremsho, na siku moja alikaa kwenye kile kiti akaniomba msamaha. Nilimjibu nikiwa nimesimama. Nilimwambia, "Jina lako liliitwa mara mbili na nilisimama peke yangu. Hilo halijaisha, Majura, na sijui kama litaisha." Akalia. Nami nikafikiri, walau amelipokea. Mwanamume anayeweza kuambiwa neno kama lile akakaa, akalia, asijitetee, ni mtu wa kuishi naye. Tangu siku ile nilianza kumtazama kwa jicho jingine. Nikapika tena ile mihogo ya nazi anayoipenda.

Nilimpigia mhudumu wa kiwanda kilichotengeneza mteremsho. Aliyepokea alijitaja kwa jina la Kokusima, sauti ya binti mstaarabu.

"Shikamoo mama. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Nieleze Utulivu ni nini, na usinizungushe."

Hakunizungusha. Alisema mtu anayesikia kwa mwili anahitaji moyo uliotulia. Akishtuka au akikasirika, mapigo ya moyo wake yanaingiliana na besi, na maneno yanampotea. Kwa hiyo mtambo ukiona sentensi itamchafua msikilizaji, unatafuta sentensi tulivu zaidi yenye nia ileile.

"Nia ileile?"

"Inayokaribiana, mama."

"Na nani ameujulisha mtambo wenu nia yangu?"

"Inakuja imewashwa kutoka kiwandani. Familia nyingi hawaizimi. Wengine wanatuandikia kutushukuru." Kisha akapunguza sauti, akaongea kama mtu na mama yake. "Mama, ukiruhusu nikushauri. Usiizime ghafla. Kuna nyumba ziliizima zikavunjika. Iweke kwenye nne. Hakuna atakayeona tofauti."

Nilimshukuru, kwa sababu alisema kweli na hakujificha. Lakini nilikaa kwenye ngazi za veranda nikiwa nimejaa hasira. Kitu kilikuwa kimeingia kati ya kinywa changu na kifua cha mume wangu, na kwa miaka minne kilikuwa kinaishi naye kwa jina langu.

Halafu hasira ikapungua, ikaja hofu. Maana Majura huyu wa miaka minne ni mwema. Anafua. Ananisubiri kula. Nikiingia chumbani anatandika miguu sakafuni upesi kabla sijasema, asipitwe na neno. Je, angekuwa hivyo kama angelipokea lile neno langu lilivyokuwa? Sijui. Huenda angeinuka akarudi kwa wanamuziki wenzake. Huenda nami nisingepika mihogo.

Na kulikuwa na Jumamosi. Ndugu zangu walisema tangu mwanzo kwamba dada akisamehe, nao wamesamehe. Majura alikuwa amemwandikia Mafuru kwamba nilishamsamehe, na kwa neno hilo tu aliitwa aje akae na wakwe. Nikinyamaza, angekwenda. Angesimama mbele ya kaburi la mama yangu akashukuru kwa msamaha ambao sikuutoa, nami ningesimama pembeni yake nikiitikia kwa kichwa. Nikisema, huenda Mafuru akamfungia mlango, na mtu huyu asiyesikia angebaki peke yake Musoma wakati ukoo wote uko Majita.

Kuweka kwenye nne kungekuwa rahisi. Ni kidole tu.

Niliingia ndani. Majura alikuwa bafuni anasugua magoti. Nikakaa kwenye kiti chake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikavua ndala, nikaweka nyayo kwenye saruji. Nikasema jina langu kwa sauti. Kipaza sauti kikalichukua, na sekunde ileile kitu kilipita chini ya miguu yangu na kupanda hadi kooni. Sikuelewa hata silabi moja. Lakini kilikuwa kimetoka kwangu, kikali hivyo hivyo, na nilijisikia vibaya kwamba kwa miaka minne hakuna aliyekipokea.

Utulivu niliuacha kwenye sifuri.

*

Alirudi akijifuta taulo. Nikamwonyesha kiti. Akakaa, akatandika miguu.

"Majura." Sikumwita Baba Bwire. "Mtambo huu umekuwa ukibadilisha maneno yangu. Sikujua. Nimejua leo. Sasa nimeuzima, na kuna neno nitalisema kama nilivyolisema siku ile. Ukitaka kuondoka utaondoka, lakini ulisikie kwanza."

Alinitazama, mkono mmoja umeshika taulo.

"Sema."

"Jina lako liliitwa mara mbili na nilisimama peke yangu. Hilo halijaisha, na sijui kama litaisha. Sikukusamehe. Sijawahi kusema nimekusamehe."

Majura alifumba macho. Nilimwona anapumua kwa mdomo, polepole, kama walivyofundishwa darasani wakipotewa na maneno. Nilidhani hakulipata.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu machozi yalishaanza na sauti yangu ilikuwa inakatika. Sikuibadilisha hata hivyo.

"Kwa hiyo nililia bure," alisema hatimaye.

"Ulilia kwa neno lingine."

"Miaka minne." Alikunja taulo, akalikunjua. "Unajua nilikuwa nafikiri nini, Nyangeta? Nilikuwa nikikusikia mpole hivi, tafadhali, asante, pole na uchovu, nikawa nasema huyu mwanamke amenikatia tamaa. Mke anayekupenda hasemi na wewe kama karani wa benki. Nilikuwa nafua ili unigombeze. Nikisema labda nguo zisipotakata atanigombeza."

"Zilikuwa hazitakati," nilisema. "Na nilikuwa nakugombeza."

Alitoa sauti ambayo sikujua ni kicheko au kilio. Kisha uso wake ukabadilika, nikajua amefika mahali nilipofika mimi kwenye ngazi.

"Nilimwandikia Mafuru uongo."

"Hukujua."

"Sasa najua." Akatazama saa ya ukutani. "Unganisha simu kwenye sabufa. Na usiguse kile kioo cha ukutani."

"Mafuru ni mkali kuliko mimi, unamjua. Anaweza kukuambia usije."

"Nataka kusikia akiniambia."

Simu ilipoita niliiunganisha. Mafuru alianza na salamu, akauliza habari za Bwire, akasema saruji imeshafika na mafundi wako tayari. Nilisikia sauti yake kwenye simu, na ngurumo yake kwenye sakafu nyuma yake. Majura alimwacha amalize.

"Shemeji," alisema, kwa ile sauti kubwa. "Kuna jambo. Nilikuandikia kwamba dada yako alinisamehe. Si kweli. Nilidanganywa, na mimi nikakudanganya. Hajanisamehe. Ameniambia leo."

Kidole changu kilikuwa karibu na kile kioo ukutani. Nilimjua kaka yangu, nilijua kinachokuja, na nilikuwa na uwezo wa kukiteremsha kikafika kama upepo. Nikaushika mkono wangu kwa mkono mwingine.

"Dada yuko hapo?" Mafuru aliuliza.

"Nipo."

"Ni kweli anayosema?"

"Ni kweli, kaka."

"Sasa wewe mwanamume," Mafuru akasema, na sauti ikapanda. "Mama yangu alikununulia lile gitaa lako la kwanza. Aliuza mbuzi. Ulipotakiwa kumtupia udongo ulikuwa unapigia watu wanakula kuku. Miaka yote hii nimekuwa nikikuonea aibu mbele ya watoto wangu. Nilikuita kwa sababu ya dada, si kwa sababu yako. Na leo unaniambia sababu yenyewe haipo?"

Kila neno lilipita. Niliona linavyopita, kwenye vidole vya miguu yake, kwenye mshipa wa shingo. Majura hakuinua miguu sakafuni.

"Haipo, shemeji."

"Basi unataka kuja kufanya nini?"

"Sijui. Nataka kuja. Ukisema nisije, sitakuja."

Mafuru alipumua. Nikasikia mtu nyuma yake anauliza kitu kuhusu kokoto, naye akamjibu kwa ukali angoje.

"Sikiliza," akasema. "Waliosamehewa watakaa kwenye viti chini ya turubai, watapewa soda. Wewe utakuja kabla yao. Utabeba mawe na kuchota maji ya kukorogea saruji, mpaka kaburi liishe. Hutasimama kusema neno lolote. Na gitaa lisinikanyagie uwanja. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Saa kumi na mbili asubuhi." Akakata.

Majura alibaki amekaa. Jasho lilimtoka puani. Nilijiandaa kwa lolote, hata kwa kuniambia kwamba ningenyamaza mambo yangekuwa mazuri, na pengine angekuwa sahihi.

"Amesema nitachota maji?" aliuliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Yote hayo ni yake? Mtambo haujaongeza kitu?"

"Yote yake."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akainama kukunjua suruali yake.

"Basi mawe ya kule ni makali," alisema. "Nitahitaji buti."

Sikumsamehe jioni ile. Nilikwenda stoo kumtafutia buti.